Mstari Mweusi kwenye Kucha ya Awuor

Tulimzika Mama Lavenda Jumamosi iliyopita huko Kisian, kando ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, akiwa na miaka themanini na mmoja. Hakuugua sana. Alilala mchana baada ya kula, na binti yake alipokwenda kumwamsha anywe chai, hakuamka. Watu walikuwa wengi, hema halikutosha, na mimi nilikaa safu ya mwisho karibu na wanawake wawili nisiowajua. Kwaya ilipokuwa ikijipanga, mmoja akamuuliza mwenzake kwa nini marehemu alikuwa akichechemea. "Alikatwa kisigino zamani," yule mwingine akasema. "Ilikuwa kansa ya ngozi, ndivyo wanasema." "Kansa ya ngozi kwa mtu mweusi? Na akaishi miaka hii yote?" "Akaishi. Si unaona tunazika mtu mzee." Nikaendelea kutazama mbele. Ningeweza kugeuka niwaambie kwamba ni mimi niliyekiona kidoa chenyewe, nikiwa nimekilaza kisigino kile mapajani mwangu. Lakini habari ya Mama Lavenda haianzii kwa Mama Lavenda. Inaanzia kwa Awuor, na Awuor simwezi katika sentensi mbili za mazishini. Nimerudi nyumbani, siku nne zimepita, na bado simwezi katika sentensi mbili. Ndiyo maana nauandika mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Juu ya kwetu nitasema tu kwamba nilitoka upande wa Kakamega, na kwamba Kijaluo changu kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Mwezi wa kwanza Mama Lavenda alinipa kazi katika saluni yake mtaani Kaloleni, Kisumu, akanionyesha na mahali pa kulala: chumba kimoja katika zile nyumba za zamani za baraza la mji, mstari wa tatu kutoka kwenye mfereji, ambacho tayari kilikuwa na mtu. Mtu huyo alikuwa Awuor. Alinizidi miaka miwili, mrefu, mwenye sauti ambayo hata akinong'ona jirani alisikia. Alinifungulia mlango akiwa na mwiko mkononi, akanitazama mimi na begi langu, akasema, "Wewe ndio Jeska? Ingia. Viatu wacha hapo. Harufu utazoea." Harufu ilikuwa ya omena. Awuor alikuwa akiuza omena sokoni. Kila Jumanne alikwenda Usenge, ambako mama yake aliwaanika samaki hao wadogo juu ya nyavu ufukweni mwa ziwa, akarudi na magunia mawili yaliyolala chumbani mwetu, kati ya kitanda na ukuta. Wiki mbili za kwanza nilifunika pua kwa shuka. Wiki ya tatu nilikwenda kulala kwa binamu yangu, nikakosa usingizi, nikatambua kwamba hewa ya kwake ilikuwa imepungukiwa na kitu.

Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba yoyote niliyoishi baadaye. Ukuta ulikuwa wa kijani hadi begani, kisha chokaa. Dirisha lilikuwa juu, dogo, lenye wavu, na asubuhi mwanga wake uliangukia kwanza miguuni petu, kisha ukapanda kitandani polepole. Jiko la makaa tuliliweka mlangoni. Awuor hakuniruhusu kupika omena hadi mwezi wa tatu. Aliwaosha kwa maji moto mara tatu, akawakausha kwenye sufuria bila mafuta mpaka wakaanza kulia kwa sauti nyembamba, ndipo akatia mafuta, kitunguu, nyanya, na mwisho kabisa maziwa kidogo. "Nyinyi watu wa Kakamega mnapika omena kama mnaiadhibu," aliniambia. Tulikula sahani moja, ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, tukiwa tumekaa sakafuni na miguu tumeinyosha. Hapo ndipo aliponiambia habari ya mashua. Alitaka mashua yake mwenyewe pale Usenge, yenye jina lake ubavuni. Wanawake wa ufukweni wananunua, wanaanika, wanauza, alisema, lakini mashua ni ya wanaume. "Mimi nitakaa mchangani na kiti, wanaume watavua ndani ya Awuor." Akajisikia alivyosema, akacheka mpaka akakabwa na ugali, na yule mzee wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Kazi yangu saluni ilikuwa miguu. Mama Lavenda alisuka na kuchoma nywele, mimi nilikaa kwenye kigoda na beseni la maji ya uvuguvugu, nikasugua visigino, nikakata kucha, nikapaka rangi. Mtu akikupa mguu wake anasahau kwamba una masikio. Nilisikia ndoa zikivunjika juu ya kichwa changu, nilisikia nani amehama kanisa na nani amehamishwa. Na niliona. Ndani ya miezi michache nilijua nyayo za nusu ya wanawake wa Kaloleni: nani ana ufa, nani ana sugu, nani anavaa viatu visivyo vyake. Kuona nilikuwa naona. Ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Mguu wa Awuor niliushika mara ya kwanza mwezi wa pili, Jumamosi, saluni ikiwa imetulia. Kwaya ya kanisa lao ilikuwa inaimba kesho yake na sare yao ilikuwa na viatu vya wazi. Kwenye kucha ya kidole kikubwa cha mguu wa kulia palikuwa na mstari mweusi, mwembamba, ulionyooka kutoka kwenye ngozi hadi ukingoni, kama mtu amechora kwa kalamu. Nikamuuliza. "Ndoo iliniangukia mwaka juzi," akasema. "Damu ilikauka ndani. Funika tu, wale wanawake wa soprano wataangalia miguu yangu kuliko kitabu cha nyimbo." Nilikuwa na rangi ya damu ya mzee, nzito, inayofunika vizuri. Nikapaka mara mbili. Mstari ukapotea, na nakumbuka nilirudi nyuma kidogo kwenye kigoda changu nikaitazama kazi yangu, nikajisifu moyoni.

Baada ya hapo nilimpaka kila wiki ya pili, chumbani, Jumapili kabla ya ibada. Kila mara nilifuta rangi ya zamani kwanza, na kila mara kwa dakika chache ile kucha ilikuwa wazi mkononi mwangu. Mstari ulikuwa ukipanuka. Mwezi wa tatu ulifika upana wa njiti ya kiberiti. Baadaye rangi yake haikuwa tena sawa, mahali kahawia, mahali nyeusi tititi, na chini kabisa, pale ngozi inapokutana na kucha, ngozi yenyewe ilianza kuingiwa na weusi. Damu iliyokauka husogea mbele jinsi kucha inavyokua, kisha hukatwa na wembe ikaisha. Hilo nalijua leo. Wakati ule nilisema, "Awuor, hii kitu inaongezeka," naye akasema, "Haiumi," na hilo lilitutosha wote wawili. Mwenye duka la dawa alimpa mafuta ya fangasi. Kupitia ukutani tulimsikia mke wa yule mzee akimweleza mgeni wake kwamba yule msichana wa omena amekanyaga kitu sokoni, kitu kilichowekwa na mwenye wivu. Awuor alinikonyeza, akaongeza sauti ya redio. Lakini wiki ile niliona amebadilisha mahali pa kuuzia.

Mtu wa kwanza kuijua ile kucha kwa jina lake alikuwa Sista Mildred. Alikuwa muuguzi, mwenye ualbino, mteja wetu wa kila mwisho wa mwezi. Alikuja na kofia pana ya ukindu na mikono mirefu hata siku za joto kali, akachagua kiti kilicho mbali na mlango. Mikononi na shavuni alikuwa na makovu madogo meupe, mahali ambapo vidoa vilikuwa vimechomwa au kukatwa kabla havijawa kitu kibaya. Mwisho wa mwezi wa tatu Awuor alikuwa amenifuata saluni, nimemaliza kumfuta rangi, na Sista Mildred, akisubiri zamu yake, akainama akaishika ile kucha kwa vidole viwili.

"Hii imekuwa hapa tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwaka juzi, Sista. Ni ndoo."

"Ilikuwa kubwa hivi?"

Awuor akanitazama. Mimi nikajibu kwa niaba yake kwamba hapana, ilikuwa nyembamba.

"Kesho asubuhi uje kliniki," Sista Mildred akasema. "Daktari aiangalie. Inawezekana si kitu. Lakini kuna kansa ya ngozi inaanza hivi, chini ya kucha ama kwa wayo."

Awuor akacheka. Ninamjua, alicheka kwa sababu ameogopa, lakini maneno yalikwisha kutoka. "Kansa ya ngozi ni yenu, Sista. Jua haliwezi kuingia ndani ya kiatu yangu."

Mama Lavenda aliweka kitana chini. Sista Mildred hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa na mazoezi ya miaka mingi ya kutoonyesha. "Hii ya miguu haiji na jua," akasema. "Na mimi naangalia ngozi yangu kila wiki kwa sababu niliambiwa nikiwa mtoto. Wewe hakuna mtu alikuambia. Sasa nimekuambia." Kisha akakaa, akaniletea miguu yake, nami nikaiosha.

Awuor hakwenda kesho yake. Kulikuwa na omena za kuchukua Usenge. Kisha ikawa Pasaka, kisha mashindano ya kwaya, kisha mvua iliyoharibu samaki wa mama yake ufukweni. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Na kila wiki ya pili alininyoshea mguu, na mimi nikapaka. Hilo ndilo ninalorudia hadi leo ninapokuwa peke yangu jikoni. Sikuwa mtoto. Nilikuwa nimemsikia Sista Mildred kwa masikio yangu. Lakini Awuor ndiye aliyenipokea, ndiye aliyenipikia, ndiye aliyenifundisha mji, na niliogopa kwamba nikiweka chupa ile ya rangi chini na kusema sipaki tena hadi uende, uso wake ungenifungia. Nilitaka Jumapili zile zisiishe. Nilitaka tukae sakafuni, mwanga ukiwa miguuni petu, yeye akijaribu sauti ya tatu ya wimbo. Basi nikapaka hadi mwezi wa sita.

Mwezi wa sita kucha ilipasuka ikavuja damu bila kugongwa na kitu. Hata hapo haikuuma. Alirudi kutoka sokoni na kandambili imeloa, akakaa kitandani, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Jeska, twende kwa Sista yako." Tulikwenda. Daktari alikata kipande kidogo kikapelekwa kupimwa, majibu yakachukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo tulikula mara nyingi bila kuongea. Siku ya majibu tuliingia wote wawili, kwa kuwa Awuor alikataa kuingia peke yake. Ndipo niliposikia neno melanoma kwa mara ya kwanza. Daktari alilitamka taratibu, akaeleza kwamba ni saratani inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi, na kwamba ikikamatwa mapema hukatwa ikaisha. Kisha akamwomba Awuor alale, akambonyeza kwenye kinena upande wa kulia. Palikuwa na uvimbe; ugonjwa ulikuwa umeshapanda. Awuor alikuwa ameujua uvimbe ule kwa mwezi mzima na hakuniambia. Sista Mildred, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama sakafu.

Wakakata kidole. Alirudi chumbani na bandeji nene, nami nikahamishia magunia upande mwingine ili anyoshe mguu. Nilikuwa mpishi sasa. Nilimpikia omena jinsi alivyonifundisha, mara tatu maji moto, kukausha, mafuta, kitunguu, nyanya, maziwa, naye akaonja akasema, "Sasa umekuwa mtu." Wanakwaya walikuja, wakajaza chumba, wakaimba kwa sauti ya chini, wakaondoka, na kimya walichoacha kilikuwa kikubwa kuliko kile walichokikuta. Jioni moja, jua likiwa bado linaonekana dirishani, nilimwomba msamaha. Nilimwambia nilikuwa naona kila wiki ya pili, na nikafunika.

"Ungenikataza," akasema.

"Ningekukataza ungesikia?"

"Singesikia." Akageuza uso ukutani, kisha akanirudia. "Lakini ungenikataza."

Hakulisema kwa hasira. Nadhani lingekuwa jepesi zaidi kama angelisema kwa hasira. Akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka makaa yakawa majivu, na tangu siku hiyo hatukulizungumza tena. Nina umri wa miaka arobaini na tisa sasa. Nimeolewa, nimezaa, nimewazika wazazi wangu, na bado hakuna sentensi niliyoambiwa na mtu yeyote ambayo nimeibeba muda mrefu hivyo.

Mwezi wa tisa mama yake alikuja kumchukua. Nilimwita Min Awuor kama wote walivyomwita, mama wa Awuor, mwanamke mfupi mwenye mikono mikavu kwa chumvi ya samaki. Aliingia chumbani akatazama kila kitu, jiko, pazia, magunia, akauliza kwa Kiswahili chake cha taabu ni wapi mimi nalala. Nikamwonyesha sakafu upande wa kushoto wa kitanda. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Ero kamano," asante, basi. Niliwatembelea Usenge mara tatu. Awuor alilazwa chumba cha mbele, mlango wazi, kwa sababu alitaka kuona mashua zikitoka na kurudi. Alizijua kwa majina. Mara ya tatu alikuwa amekonda hata pete ya mama yake ilimtoka kidoleni, lakini alinibishia juu ya mashua moja, ya bluu, kwamba imepakwa rangi vibaya na mbao zake zitaoza kabla ya mwaka. Alifariki mwezi wa kumi na moja. Aliyeniletea habari alikuwa mnunuzi mmoja wa samaki, aliyesimama mlangoni mwa saluni na kofia mkononi, nami nilijua kabla hajafungua mdomo.

Baada ya mazishi nilirudi kazini kwa kuwa sikujua la kufanya lingine. Sikuweza kupaka rangi ile ya damu ya mzee, niliitupa. Na kuna kitu kilikuwa kimebadilika machoni mwangu. Kabla ya kuosha mguu niliugeuza, nikatazama wayo, nikatenganisha vidole, nikafuta kila kucha hadi ikawa tupu. Wateja wengine walilalamika. "Huyu msichana anakagua miguu ya watu kama askari," nilisikia mmoja akimwambia Mama Lavenda, na Mama Lavenda akamjibu, "Mwache. Ana maombolezo yake."

Wiki moja kabla ya Krismasi Mama Lavenda mwenyewe alikaa kwenye kiti cha wateja, kitu alichofanya mara moja kwa mwaka, akanipa miguu yake. Kwenye kisigino cha kushoto, chini, mahali ambapo mtu hajioni, palikuwa na kidoa. Kilikuwa kidogo, chenye upana wa punje ya mahindi, lakini ukingo wake haukuwa sawa na upande mmoja ulikuwa mweusi kuliko mwingine.

"Mama, hapa uko na alama."

"Hiyo ni ya kuzaliwa."

"Nani alikuambia ni ya kuzaliwa?"

"Nani aniambie? Mguu ni wangu. Sugua, kuna wateja."

Nikaweka jiwe la kusugulia chini. "Sisugui, Mama. Na sipaki. Mpaka Sista Mildred aone."

Aliniangalia kwa jicho ambalo lilikuwa limewafukuza wasichana wawili kabla yangu. Alikuwa mwajiri wangu, na chumba nilikuwa nacho kwa neno lake. "Jeska. Unanikataza kwa saluni yangu?"

"Ndiyo, Mama. Nakukataza." Na hapo ndipo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu Usenge, nikiwa nimekumbatia kisigino cha mwajiri wangu mbele ya wanawake wanne. Mama Lavenda akajifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu, akasema tufunge mapema.

Ilikuwa melanoma. Ilikuwa bado changa, juu juu. Walikata kipande cha kisigino, wakachukua ngozi nyembamba pajani wakapaziba nayo, wakampima kinena wasikute kitu. Alichechemea, akalalamika juu ya chakula cha hospitali, akapona. Nitasema jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Nilifurahi hata nikakosa pumzi, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kibaya. Miaka mingi baadaye, nikimwona akivuka barabara na fimbo yake, akibishana na mwenye duka, akicheza na wajukuu, kuna siku nilimtazama nikafikiri: miaka hii ilikuwa ipo. Ilikuwepo ya kugawa, na Awuor hakupata. Nilimpenda Mama Lavenda. Yote mawili yalikaa ndani yangu pamoja, na yalikuwa yamekaa hata Jumamosi pale chini ya hema.

Mwezi wa kwanza, akiwa bado na bandeji, alimwita Sista Mildred saluni na akawaita wasichana wa saluni zote za jirani. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye mabenchi. Sista Mildred hakuleta karatasi. Alituambia tuvue viatu. Wengi wetu tulikuwa na mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, na wengine walianza kuogopa, naye akatutuliza: kwa watu weusi mistari hiyo ni kawaida, hasa ikiwa mingi na imekaa miaka bila kubadilika. Wa kuupeleka hospitali ni ule ulio peke yake, mpya, unaopanuka, unaovuka kucha ukaingia kwenye ngozi. Au kidoa cha wayo ama kiganja kinachokua, chenye ukingo uliokatikakatika au rangi mbili. Au kidonda kisichofunga. "Msingojee maumivu," alisema. "Kikiuma mmechelewa." Akakunja mikono yake mirefu ya blauzi akatuonyesha makovu yake moja baada ya jingine, na ni mwaka gani, na kwamba kwa watu kama yeye jua ndilo la kukwepa, kwa kofia, kwa kivuli, kwa nguo, tangu utotoni. "Nyinyi ndio mnashika miguu ya Kisumu," akasema. "Daktari anaona mguu mmoja mtu akishaumwa. Nyinyi mnaona yote." Hiyo ndiyo kazi ambayo nimeifanya tangu hapo, sokoni, makanisani, katika fukwe, nikiwaambia watu wavue viatu.

Lakini kabla ya kuianza kazi hiyo nilikuwa na safari moja. Nilikwenda Usenge mwisho wa mwezi huo wa kwanza, mwaka wangu na Awuor ukiwa umetimia. Min Awuor alikuwa ufukweni, anageuza omena juu ya wavu kwa ufagio, asubuhi, jua likiwa bado la upole. Tulisalimiana. Nikamweleza yote, Kiswahili changu na Kijaluo changu kibovu vikisaidiana: kwamba nilimpaka mwanawe rangi juu ya ugonjwa kwa miezi minne, nikijua. Kwamba Mama Lavenda ameponyeshwa na kitu ambacho kingemponya Awuor, nacho ni kuangaliwa mapema tu. Nikamwambia nimekuja asikie kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine.

Aliendelea kugeuza samaki mpaka mwisho wa wavu. Sikujua kama ameelewa, au kama ananiambia niondoke kwa njia ya watu waungwana. Kisha akaegemeza ufagio kwenye mashua iliyopinduliwa, akakaa juu ya gunia tupu, akavua kandambili zake. Akapangusa magamba na mchanga kwa upindo wa leso. Akaninyoshea miguu yote miwili.

"Angalia," akasema.

Nikapiga magoti mchangani. Nikaushika mguu wa kulia kwanza. Kilikuwa kidole kile kile cha Awuor, upana ule ule, kucha imepinda kidogo kuelekea ndani jinsi ninavyoijua, ila ngumu, yenye mistari ya uzee. Nilikuwa nimeushika mguu huu Jumapili nyingi ukiwa na miaka ishirini na mitano. Sasa nilikuwa nauona ulivyokuwa unakwenda kuwa. Nikafungua vidole kimoja kimoja, nikageuza wayo ukatazama mwanga, nikapitisha kidole changu kisiginoni. Nikafanya hivyo na wa kushoto. Min Awuor alikuwa akinitazama utosini, nilihisi.

"Iko nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Ni safi."

Nilitaka kuiachia miguu, lakini hakuirudisha. Aliiacha pale mapajani mwangu, mizito, yenye joto la mchanga.

"Angalia tena," akasema.

Nikaangalia tena.